Shimo Chini ya Lori

3 Machi

Nimefungua geti saa mbili asubuhi, na mpaka saa kumi jioni aliyeingia ni mbuzi mmoja tu, naye hakuuliza bei. Hata hivyo nimefurahi. Miaka kumi na tisa nimesimama nyuma ya kaunta ya duka la vipuri la mtu mwingine, nikiuza beringi na mikanda ya feni, nikisikiliza mafundi wakilalamika kwamba vipya ni ghali na vya zamani havipatikani. Sasa vya zamani vitapatikana kwangu. Nina kiwanja cha kukodi chenye uzio wa mabati, kibanda cha ofisi, magari manne yaliyokufa, na lori moja lisilo na injini ambalo mwenye kiwanja amekataa kuliondoa.

Ninaye pia Tochi. Hilo si jina lake, ila tangu nimfahamu sijamwona bila mtungi wa gesi na miwani ya kuchomelea. Anakaribia miaka hamsini, mikono imejaa makovu ya cheche, na hukata gari kama fundi cherehani anavyokata kitambaa. Mume wangu, ambaye ameendesha basi maisha yake yote na sasa anauguza mgongo, alisema nimeacha kazi safi nikakimbilia uchafu. Alisema hivyo huku akinikabidhi buti za mvua alizoninunulia.

Daftari hili ni la kuandikia vipuri. Kurasa za nyuma nitaandika mambo yangu.

6 Machi

Gari bovu halifiki likiwa tupu. Linakuja na oili ya injini, oili ya giaboksi, mafuta ya breki na maji machafu ya rejeta, na vyote lazima vitolewe kabla Tochi hajawasha moto wake. Kibali changu kinataka shimo la saruji lisilovuja, lenye kifuniko. Juzi mjenzi aliniambia wiki tatu, maana zege lazima likauke. Magari mengine mawili yanakuja kesho, na mawingu yameshaanza kujikusanya.

Tochi akatoa wazo. Tunazo bonneti na mapaa ya magari, yamelala tu. Tuchimbe, tuyachomelee mabati hayo yawe sanduku kubwa, tulitumbukize ardhini. Chuma ni chuma, alisema. Tumelimaliza kwa siku moja na nusu. Nilimsifu mbele ya watu, na mimi nikajisifu kimoyomoyo, maana ni nani mwingine angewaza kujenga shimo la oili kwa paa la teksi.

10 Machi

Mnunuzi wa betri chakavu anazitaka zikiwa kavu. Tochi aliuliza kama maji yake ayatie kwenye mapipa ya plastiki. Nikamwambia mapipa hayo nayataka ya kukingia mvua, amwage shimoni, shimo si lipo.

13 Machi

Jirani wa upande wa chini amekuja kusalimia. Ana kitalu cha miche: ya matunda, ya mbao, ya maua ya uani. Ni mwanamke wa rika langu, mwembamba, anaongea polepole kana kwamba kila neno analipima kwanza. Aliniletea mche wa mlimau. Nilimpokea vizuri, ila nimeshaambiwa kwamba kiwanja hiki alikuwa akikitaka yeye, miaka miwili amembembeleza mwenye kiwanja ili apanue kitalu. Mtu wa namna hiyo akikuletea zawadi unaitazama mara mbili.

18 Machi

Mvua ya kwanza. Kibanda kinavuja juu ya kiti changu na si mahali pengine popote.

21 Machi

Mwanamume mmoja alikuja kuulizia taa ya nyuma, macho yake yakaangukia gari jekundu ambalo lilikuwa lake kabla halijapinduka. Akaomba aketi ndani kidogo. Alikaa karibu nusu saa, mikono kwenye usukani, mvua ikimnyeshea kwa kuwa paa tulishalitoa. Hakununua kitu. Tochi alitaka kumcheka, nikamkata jicho.

25 Machi

Giaboksi tuliyoiuza Jumanne imerudi. Fundi aliyeirudisha amenitolea maneno mbele ya wateja watatu, na wateja hao watatu wakaondoka naye. Matope yanafika kwenye vifundo vya miguu. Kila anayekuja anataka kipuri kilicho kwenye gari lililo chini ya gari jingine.

29 Machi

Jirani amekuja na chupa. Chupa ya maji ya kunywa, imejazwa maji ya kisima chake, na juu yake kuna utando unaong'aa rangi rangi. Akaiweka juu ya meza yangu, akauliza kwa upole kama oili yetu tunaitupa wapi. Nikamwonyesha kifuniko cha shimo kwa mbali. Nikamwambia atazame ile mashine yake ya kuvutia maji, imekaa juu ya mbao mdomoni mwa kisima na imechoka, labda ndiyo inayovuja oili. Aliitikia kwa kichwa, akaondoka. Chupa ameiacha.

1 Aprili

Chupa nyingine.

2 Aprili

Chupa nyingine. Leo aliiweka tu karibu na zile mbili, akaondoka. Nimemwambia Tochi kwamba huyu mama ana lake jambo, anataka nikimbie ili achukue kiwanja. Tochi alisema wanawake wa vitalu wana subira kuliko wanawake wa vyuma. Nikamwambia afunge mdomo akate gari.

5 Aprili

Nasikia amekwenda kunishtaki kwa afisa wa mazingira. Nilijua tu. Mchana nilipanda juu ya lori nikachungulia kitalu chake. Mistari miwili iliyo karibu na kisima imekuwa ya njano. Nikashuka nikajisemea kwamba mvua ikizidi miche huoza, kila mtu anajua.

11 Aprili

Leo nimejua, na ninaandika yote ili kesho nisijidanganye.

Imenyesha siku sita mfululizo. Kifuniko cha shimo ni bonneti tu, maji hupita pembeni, kwa hiyo asubuhi nilimwambia Tochi tuangalie lisije likafurika. Tukainua kifuniko. Badala ya kujaa, lilikuwa limepungua. Oili ilikuwa chini futi nzima kutoka kwenye alama niliyoikwaruza mwenyewe Jumamosi. Nilichukua nondo nikapima. Ilipofika chini haikugonga kitu. Ilipenya bati kama inavyopenya boksi lililoloa, ikaendelea kuingia kwenye udongo.

Nilichuchumaa pale ukingoni. Kuna kibati kidogo kinachokaa chini ya betri ya gari. Kwa miaka kumi na tisa nimeuza mamia ya vibati hivyo, na kila mteja nilimpa somo lile lile: maji ya betri yanakula bati, ukiona yamemwagika osha haraka, usipoosha utarudi kwangu. Nililisema mpaka wenzangu dukani wakawa wananiigiza, mkono kiunoni na kidole juu. Na mimi huyo huyo nimelinywesha shimo la mabati maji ya betri kwa mwezi mzima.

Tochi alikuwa amesimama upande wa pili, miwani kwenye paji la uso. Alisema taratibu, "Bosi, mimi niliuliza."

Ni kweli aliuliza.

Kutoka shimoni mpaka kisima cha jirani ni hatua arobaini, zote za mteremko. Nimezihesabu kwa macho nikiwa huku huku, nikiogopa hata kuzitembea. Nyumbani mume wangu aliniuliza mbona sili. Nikamwambia jino.

12 Aprili

Afisa anakuja tarehe kumi na sita. Tumechota kilichobaki shimoni tukakitia kwenye mapipa ya plastiki, yale yale. Tochi akasema kilichoingia ardhini kimeshaingia, sasa tuokoe kiwanja. Tujaze shimo kokoto, tulivute lori tuliweke juu. Lori halina injini, halina mwenye haja nalo, nani atalitilia shaka. Nilijua ni kosa juu ya kosa. Lakini niliona geti limefungwa, nikajiona narudi kuomba kaunta yangu kwa yule bosi aliyecheka nilipoaga. Nikasema sawa.

Brekidauni ya kukodi ililivuta kwa dakika kumi. Dereva wake aliuliza kwa nini tunalihamisha lori bovu kutoka kwenye matope mazuri kwenda kwenye matope mabaya. Tochi akacheka. Mimi nilikuwa natazama upande wa kitalu.

16 Aprili

Afisa amekuja, kijana mpole mwenye viatu visivyofaa kwa mvua hii. Aliuliza shimo liko wapi. Nikamwambia nimeona mapipa ni salama zaidi, nikamwonyesha mapipa. Aliyagonga, akaandika, akanisifu kwa kuwa wengi hawafanyi hivyo. Alizunguka kiwanja chote. Alisimama hata ubavuni mwa lori ajikinge manyunyu, akaniuliza biashara inakwendaje.

Kisha tukaenda kwa jirani. Afisa alikitazama kisima, akaitazama mashine, akapitisha kidole chini ya injini yake kikatoka cheusi. Akamwambia jirani kwamba inawezekana anajichafulia maji mwenyewe, aitoe mashine aisafishe kabla ya kulaumu watu. Jirani alinitazama. Nikakaza uso. Sijui nilipata wapi uso mkavu namna ile. Nadhani ni wa kaunta, ule wa kumwambia mteja kipuri ni kipya.

17 Aprili

Mvua. Nimeuza milango miwili na kioo.

19 Aprili

Jirani amekuja leo bila chupa. Alikataa kiti, akasimama mlangoni mwa kibanda, maji yakimtiririka kwenye mtandio.

"Dada, nimekusema vibaya kwa watu," alisema. "Nilisema ni wewe. Nimekuja kukuomba radhi."

Ilikuwa nafasi yangu. Nilikuwa na sekunde mbili tatu hivi. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Yamekwisha, jirani. Karibu chai."

Alikunywa chai yangu, vikombe viwili. Akaniambia shule moja ilimwagiza miche elfu tatu ya kupanda mvua hizi, na karibu nusu imekufa. Akauliza kama nitaweza kumsaidia mnyororo wa kunyanyulia injini, maana mashine yake ni nzito na yeye hana mwanamume nyumbani, ana mama yake mzee tu. Nikasema kesho nitakuja mwenyewe.

Alipoondoka Tochi alikuwa nje, amesikia kila kitu. Akashusha miwani, akarudi kwenye gari alilokuwa akilikata. Nilipomwajiri nilimwona mjanja, halafu tangu tufukie shimo nikawa namwona ndiye aliyeniponza. Leo nimemwona mtu anayenionea aibu.

20 Aprili

Jirani na mimi tumesimamisha miguu mitatu ya kutundikia mnyororo juu ya kisima, tukaiinua mashine, tukaiweka chini kwenye turubai. Nilifungua injini boliti moja moja, na jirani akazipanga kwenye sinia kwa mpangilio. Kidole cha afisa kilichafuka kwa masizi tu. Sili za kuzuia oili zilikuwa nzima, gasketi kavu, hata tone halikuwa limevuja. Hiyo mashine itaishi kuliko mimi. Nilijua itakuwa hivyo kabla sijashika spana, na bado nilifungua mpaka boliti ya mwisho, kwa sababu maadamu nilikuwa nafungua sikulazimika kusema.

Mama yake alikuwa ameketi kwenye kiti mlangoni, amejifunika shuka. Miguu haimbebi tena na macho yanaona vivuli. Ngozi ya mikono yake imechubuka mpaka kwenye viwiko, na jirani akaeleza kwamba ni tangu mwezi uliopita, dawa zote amepaka. Maji ya kunywa wananunua, ya kuoga ni ya kisima. Bibi akaninyooshea mkono.

"Wewe ndiye mwenye magari?" aliuliza. "Mwanangu anasema una moyo mzuri. Mungu akuzidishie."

Kisha akamwagiza binti yake anipe maji ninawe, nisiondoke na grisi. Jirani akanimiminia kwa kopo. Yalikuwa yananuka giaboksi. Nilinawa mpaka mwisho, bibi akisikiliza, nikasema asante.

Nimefika nyumbani nimeketi kitandani na buti miguuni. Ninajichukia.

24 Aprili

Mvua. Tochi na mimi tunaongea kwa ishara tu.

27 Aprili

Shule imechukua miche kwingine. Nimeambiwa na dereva wa brekidauni, kama habari ya kawaida tu, akisubiri tumshushie gari. Biashara kwangu imechangamka ajabu. Ajali ni nyingi wakati wa mvua. Leo yameingia matatu.

Mume wangu ameuliza jino linaendeleaje. Nikamweleza yote, toka paa la teksi mpaka maji ya kunawa. Aliyasikiliza yote akiwa amelala chali, kama daktari alivyomwagiza. Mwisho akauliza kama bado wanaogea maji hayo. Nikasema ndiyo. Akageuka ukutani, yeye ambaye kugeuka kunamuumiza.

2 Mei

Jirani alikuja asubuhi. Amekata shauri yeye na mama yake wahamie kwa kaka yake, kitalu anakifunga. Mashine ni nzima, maji ni mabaya, basi ardhi yenyewe ndiyo imemkataa, alisema. Akaniambia nichukue kiwanja chake nipanue yadi.

"Afadhali uchukue wewe," alisema, "kuliko mtu nisiyemjua."

Nikamwambia angoje. Nilikwenda kwa Tochi nikamwambia aite brekidauni, lori linaondoka pale. Aliweka chini bomba la gesi. Akaniambia nikisema, na yeye yumo, na ana watoto wanaosoma. Nikamwambia nitasema maji ya betri yalimwagwa kwa amri yangu, maana ndivyo ilivyokuwa. Alifikiri, akavua miwani, akaanza kukusanya vifaa vyake. Alinipa mkono. Hajanitukana wala hajaniaga.

Brekidauni niliipigia simu mwenyewe, na lori lilipotoka nikashika sepetu. Jirani alisimama na mwavuli akidhani nimepoteza kitu. Kokoto zilitoka nyeusi, kisha ukaja ukingo wa bati, umelika, umechongoka kama mkate ulioliwa na panya, na ile harufu ikapanda. Sikuwa na haja ya kueleza sana. Nilieleza hata hivyo. Shimo, betri, nondo, kokoto, lori. Nilisema nimejua tangu tarehe kumi na moja.

Nilimwona akihesabu siku kwa midomo.

"Kumi na moja," alisema. "Afisa alikuja kumi na sita."

"Ndiyo."

"Na mimi nilikuja kwako kumi na tisa."

Nikaitikia.

"Miche ingekufa, ningesema ni kazi, kazi ina hasara zake," alisema, bado polepole, bado kwa sauti ile ile. "Mama yangu ningempeleka hospitali. Lakini uliniacha nikuombe radhi. Ukanikaribisha chai, dada, na mimi nikanywa."

Akafunga mwavuli ingawa ilikuwa inanyesha, akashuka kwake.

3 Mei

Nimekwenda mwenyewe ofisini kwa afisa. Yule kijana alinisikiliza akiwa ameweka mkono juu ya ile karatasi ya ukaguzi aliyonisifu ndani yake. Saa nane wakaja maafisa watatu wakafunga geti langu kwa mnyororo na kubandika tangazo. Magari kumi na moja yako ndani. Mwenye kiwanja amenipigia simu, na yote aliyoyasema ninayastahili.

9 Mei

Wamepima. Kisima kisiguswe kwa muda ambao hawajui. Udongo utachimbwa na kubebwa, kazi hiyo ni juu yangu. Jirani hahami tena, sijui kwa nini. Labda kaka yake amebadili nia, labda hataki kuondoka kama aliyeshindwa. Sina haki ya kumuuliza.

10 Mei

Nimeanza kupeleka maji. Bomba la mtaa liko upande wa pili wa barabara. Madumu sita kwenye mkokoteni, asubuhi. Kuna pipa nje ya jiko lake. Nilimimina nikiwa nimejiandaa kufukuzwa. Alitoka, akanitazama, akaingia ndani.

14 Mei

Maji. Mkokoteni umekwama mara mbili.

20 Mei

Maji. Leo nilisalimia. Alikuwa anaanika nguo, akaendelea kuanika.

29 Mei

Mvua zimekatika. Barabara imekauka na mkokoteni sasa unapita kwa urahisi, natumia nusu ya muda niliokuwa natumia. Jirani alikuwa uani, hatua mbili kutoka kwangu, akikusanya vifuko vyeusi vya kupandia miche, sasa vitupu, na kuvifunga mafungu mafungu. Nilikuwa kwenye dumu la nne mama yake aliposikia maji yakimiminika, akauliza kutoka ndani.

"Nani huyo?"

Jirani hakuinua kichwa.

"Hakuna mtu, Mama," alijibu.

Nikamalizia madumu mawili yaliyobaki, nikayapanga matupu kwenye mkokoteni, nikaondoka.